Braza ni Msabato, kitimoto hagusi, tegu wa nguruwe kafikaje kichwani?

Kahawachungu:
Wakuu habari za mchana. Braza angu yupo Mbozi, ana miaka 34, toka utotoni hajawahi kuanguka kifafa, mwaka jana kaanza kudondoka shambani kwenye kahawa. Wamempiga siti skani wakaona vifuko vidogo vidogo kwenye ubongo, wanasema ni tegu wa nguruwe. Sasa sisi Wasabato toka kwa babu, hata harufu yake hatuitaki. Mama mdogo ndo kapata pa kushikia, anasema karogwa. Imekaaje hii?

Nesi_Mstaafu:
Pole mdogo wangu. Hapo wengi wanachanganya. Ukila nyama ya nguruwe yenye zile punje nyeupe (ndo vifuko vya tegu) na haijaiva unapata mnyoo wa tumboni, yule mrefu wa mita kadhaa, na unaweza kukaa nae hata hujui. Mayai yake yanatoka na choo kikubwa, mkono haujanawa, maji ya kisima, mchicha, mtu mwingine akiyameza ndo yanapenya utumbo yanaingia kwenye damu mpaka ubongoni. Yani braza ako hajala nguruwe, kala kinyesi cha mla nguruwe, samahani kwa lugha. WHO wenyewe wanasema sehemu nyingi zenye huyu mdudu kama asilimia 30 ya kifafa ni yeye.

Mchoma_Uyole:
Mi nachoma kitimoto, nanunua huko huko vijijini. Nguruwe analazwa, fimbo mdomoni, unavuta ulimi unapapasa chini yake, ukikuta vipunje unaacha. Ila ulimi unadanganya, nishawahi nunua mmoja safi kabisa, kupasua paja limejaa kama kiporo cha wali, hela ikaenda. Na yule uliyemkataa usidhani anafukiwa, anachinjwa usiku nyuma ya nyumba 😅 Mahindi yakiwa shambani wanafungiwa, mavuno yakiisha wanaachiwa wazurure, na vyoo vyenyewe vya huko mnavijua, kinyesi wanakikuta nje wanakula.

Nesi_Mstaafu:
Nimesahau la muhimu, msije mkanunua prazikwanteli (dawa ya minyoo) duka la dawa mkampa kienyeji!! Vile vifuko vikifa kwa mpigo ubongo unavimba, atazidi kuanguka, ndo maana hospitali wanampa na steroidi za kutuliza uvimbe. Dawa za kifafa asiziache hata akijiona mzima. Na mwenye mnyoo mara nyingi ni mtu wa hapo hapo nyumbani, wapimeni choo wote.

Kahawachungu:
Dah. Kijana wetu wa kazi kitimoto ndo ugonjwa wake kila jumapili, na ndo anaetupikia. Ngoja nimpigie braza.