Boksi la sabufa ya inchi 12 kwenye Toyota IST: lifungwe kabisa au liwe na tundu?

Mkazi wa Uyole:
Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Ninakusudia kufunga mwenyewe mfumo wa muziki katika Toyota IST ninayoitumia hapa Mbeya na, mara mojamoja, katika safari za Iringa na Dar es Salaam. Sabufa ni ya inchi 12, omu 4, na karatasi yake ya kiwandani inaonyesha Fs (mtetemo wa asili wa koni) hezi 30, Qts (namba ya jinsi mtetemo huo unavyozuiwa) 0.5 na Vas (ujazo wa hewa wenye unyumbufu sawa na wa koni) lita 40. Amplifaya ni ya daraja D, yenye wati 400 za kudumu. Seremala niliyemwendea anashauri boksi kubwa lenye tundu, linalojaza buti lote, kwa hoja kwamba ukubwa wa boksi ndio uzito wa besi. Mimi husikiliza zaidi kwaya na muziki wa dansi, napenda gitaa la besi lisikike noti kwa noti, na buti nalihitaji kwa mizigo ya nyumbani. Naomba ushauri kuhusu vipimo, mbao na nyaya.

Seremala wa Mafinga:
Ndugu yangu, ukubwa wa boksi hauamuliwi na nafasi iliyopo kwenye buti. Unaamuliwa na namba hizo tatu ulizoziandika, na umefanya vyema kuzitaja. Gawanya Vas kwa ujazo wa boksi, ongeza 1, tafuta kipeuo cha pili cha jibu, kisha zidisha kwa Qts. Ukipata karibu na 0.7, besi itakuwa imenyooka na itakatika upesi noti inapokwisha, jambo ambalo gitaa la dansi linalihitaji sana. Kwa sabufa yako, boksi lililofungwa la lita 40 linatoa 0.707. Ukizidisha Fs kwa kipeuo hichohicho unapata hezi 42, na chini ya hapo sauti huanza kushuka polepole, lakini ndani ya gari dogo nafasi yenyewe huinua besi ya chini na kufidia sehemu kubwa ya upungufu huo.

Boksi lenye tundu hutoa mlio mkubwa zaidi kwa wati zilezile, hilo sikatai. Hata hivyo linataka nafasi kubwa zaidi, bomba lililokatwa kwa hesabu, na chujio la kuzuia sauti za chini mno, kwa sababu chini ya mtetemo wa bomba hewa haiishikilii tena koni nayo hucheza kupita kiasi. Kwa Qts ya 0.5 na muziki unaoutaja, mimi ningefunga.

Vipimo vya ndani viwe sentimita 50 kwa 35 kwa 25, ambavyo ni karibu lita 44. Sabufa na kipande cha kukazia kuta vitachukua takriban lita 4. Tumia plaiwudi ya milimita 18 isiyoharibiwa na maji. MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi) hulia vizuri sana, lakini ikinyonya unyevu huvimba, na anayepita Tukuyu msimu wa mvua anajua buti linavyoweza kulowa. Mbao za msonobari tunazo tele huku Mufindi, ila ubao mzima hujikunja unapokauka na kufungua maungio, hivyo usiutumie kwa kazi hii. Paka gundi ya mbao kwenye kila ungio, kaza kwa skrubu, kisha ziba pembe zote za ndani kwa silikoni na uiache ikauke kabisa kabla ya kufunga sabufa.

Fundi umeme, Mwanjelwa:
Naongezea upande wa umeme, kwa kuwa ndiko magari yanakoungulia. Wati 400 kwa amplifaya yenye ufanisi wa asilimia 80 ni wati 500 kutoka kwenye betri. Kwa volti 13.8 ni kama ampea 36. Weka fyuzi ya ampea 40 karibu kabisa na betri, isizidi sentimita 45 za waya, kwa sababu kazi yake ni kulinda gari waya ukichubuka na kugusa bodi. Waya uwe wa shaba halisi wa milimita 16 za mraba. Nyaya nyingi za bei nafuu ni alumini iliyopakwa shaba, na hizo zinahitaji unene zaidi. Waya wa hasi uwe mfupi, ufungwe kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi. Nyaya za sauti zipitishe upande mwingine wa gari, la sivyo utasikia mlio wa altaneta ukipanda na kushuka pamoja na injini.

Mkazi wa Uyole:
Nashukuru sana, wakuu. Je, inawezekana kupunguza kina cha boksi ili gunia moja lipate nafasi?

Mwalimu wa fizikia, Iringa:
Inawezekana, na mwinuko wa Mbeya unakusaidia. Vas ya kiwandani huhesabiwa kwa hewa ya usawa wa bahari. Katika mita 1,700 kanieneo ya hewa iko chini kwa takriban asilimia 18, kwa hiyo Vas yako ya lita 40 inakuwa karibu lita 33, na boksi la lita 33 linatoa 0.7 ileile. Kina cha ndani kinaweza kushuka hadi sentimita 21, mradi sumaku ibaki na nafasi ya kutosha nyuma yake. Ukiteremka Kitonga hadi pwani, namba itapanda kufikia 0.74 tu, tofauti ambayo sikio halitaibaini.

Fundi umeme, Mwanjelwa:
Nakubaliana na Mwalimu. Ukimaliza, weka chujio la amplifaya la kupitisha besi pekee kwenye hezi 80, chomoa sabufa, piga sauti ya majaribio ya hezi 50 redio ikiwa robo tatu, kisha ongeza nguvu ya amplifaya hadi kipimo cha umeme kisome volti 40 za AC, ambazo kwa omu 4 ndizo wati 400. Usiongeze tena baada ya hapo.