Mifupa imeonekana dhaifu, meno ya chini yanacheza: nianze na daktari yupi?

MwalimuWaDodoma
Habari zenu wakuu. Mimi ni mwanamke wa miaka 54, hedhi ilikoma nikiwa na 48. Mwaka huu niliteleza bafuni nikatua kwa mkono, kifundo cha mkono kikavunjika. Daktari wa mifupa akasema anguko dogo namna ile halikupaswa kuvunja mfupa, akaniandikia kipimo cha DEXA, picha inayopima uzito wa mifupa. Majibu yakaja: uti wa mgongo -2.7, nyonga -2.1 (-2.5 kushuka chini ndiyo wanaita mifupa dhaifu). Anataka nianze alendronate, dawa ya kuzuia mifupa isiendelee kuisha, kidonge cha miligramu 70, kimoja kwa wiki.

Shida ya pili ni kinywa. Fizi zinatoka damu nikipiga mswaki, na meno mawili ya mbele chini yanacheza nikiyasukuma kwa ulimi. Kwa nyuma yana ugaga mgumu wa rangi ya kahawia, nikipitisha ulimi nauhisi. Daktari wa meno kapiga picha, kasema mfupa unaoshika meno umeshuka. Gego moja la chini kulia halifai tena, ling'olewe, yaliyobaki yasafishwe hadi chini ya fizi.

Kila mmoja anaangalia kwake. Wa mifupa hakuniuliza habari za meno, wa meno hakuniuliza habari za mifupa. Je, meno yanacheza kwa sababu mifupa imeisha? Nikimeza kalsiamu na hiyo dawa yatakaza? Na mwenzangu kazini ananiambia ukishaanza dawa hiyo huruhusiwi tena kung'oa jino, taya linaoza. Sivuti sigara, sukari nimepima iko sawa. Natanguliza shukrani.

Kijukuu cha Pili
Pole sana mwalimu. Usimeze chochote kabla hao madaktari hawajajua habari za mwenzake. Ngoja waje wataalamu wa kinywa.

MzeeWaPwani
Dada, supu ya makongoro kila asubuhi, sukutua na maji ya chumvi yenye karafuu. Kwetu wazee wamekufa na meno yao yote.

TabibuKinywa
Mwalimu, pole kwa mkono. Mimi ni daktari wa kinywa na meno, nitajibu kwa kirefu maana swali lako wengi wanalo na wachache wanaliuliza.

Ugonjwa wa fizi uliokomaa, tunaouita periodontaitisi, huanza na utando wa bakteria kwenye shingo ya jino. Usipoondolewa unakauka, unakuwa ugaga, na hapo mswaki hauutoi tena. Mwili unapopambana na bakteria hao fizi inavimba, inatoa damu, mwishowe inaachana na jino na kuacha mfuko. Tunaupima kwa kijiti chenye alama za milimita: hadi 3 ni kawaida, kuanzia 4 tunaanza kuwa na wasiwasi. Uvimbe huo ndio unaoziamsha seli zinazokula mfupa, na mfupa unaliwa pale pale penye mfuko. Ndiyo maana mtu mwenye nyonga imara kabisa anaweza kupoteza meno yote kwa fizi, na mwenye mifupa dhaifu akazeeka na meno yake kwa sababu kinywa chake ni safi.

Hata hivyo, hofu yako ina msingi. Estrojeni, homoni ya kike, ndiyo inayozizuia seli hizo hizo zisile mfupa kupita kiasi. Hedhi ikikoma, kizuizi kinapungua mwili mzima, taya likiwemo. Huko Buffalo, jimbo la New York, watafiti waliwapima wanawake waliokoma hedhi, mifupa yao na vinywa vyao kwa pamoja, wakaona wenye mifupa dhaifu wana upotevu mkubwa zaidi wa mfupa unaoshika meno. Tahadhari yangu ni kwamba mambo mawili kuonekana pamoja hakuthibitishi kuwa moja limezaa lingine. Umri, sigara, upungufu wa vitamini D na kumeza prednisolone (dawa ya kutuliza uvimbe) kwa miezi mingi vinaweza kumdhuru mtu pande zote mbili kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo kalsiamu peke yake haitakaza meno hayo. Haifiki kwenye mfuko, haiui bakteria, haing'oi ugaga. Kinachotibu ni kukwanguliwa chini ya fizi, kwa ganzi ikibidi, na kurudi baada ya kama miezi mitatu kupimwa mifuko upya. Nakutahadharisha mapema: baada ya kusafishwa, fizi zitanywea kidogo, maji baridi yatauma, na meno hayo mawili unaweza kuyahisi yamelegea zaidi. Watu hukimbia kliniki hapo wakisema wameharibiwa meno. Ugaga ulikuwa umeyagandisha pamoja, ulegevu ulikuwepo tangu zamani. Fizi ikitulia, mara nyingi yanapunguza kucheza, na yakibaki yanasumbua daktari anaweza kuyafunga na jirani zao.

Kuhusu taya kuoza: lipo. Liliripotiwa mara ya kwanza mwaka 2003, mfupa wa taya unabaki wazi bila kufunikwa na fizi kwa wiki 8 au zaidi. Wanaolipata sana ni wagonjwa wa saratani wanaopewa dawa za kundi la alendronate kwa dozi kubwa kupitia mshipa. Kwa anayemeza kidonge cha wiki kwa ajili ya mifupa dhaifu, hatari iko chini ya mtu 1 kati ya 1,000, ingawa inapanda kadiri miaka ya kutumia dawa inavyoongezeka. Hata baada ya kuanza dawa unaweza kung'oa jino, ila aliyeshika koleo ajue unatumia nini.

Ningekuwa mimi daktari wako, gego lisilofaa lingetoka sasa, kabla ya kidonge cha kwanza, na usafishaji ungeanza siku hizo hizo. Fizi ikishafunga pale pa gego, dawa inaanza. Hizo ni wiki chache tu. Usiache zikawa miezi! Aliyevunjika mfupa mara moja kwa anguko dogo ana hatari kubwa ya kuvunjika tena, na mwisho wa siku nyonga iliyovunjika inaua watu wazima. Mpe daktari wa mifupa nakala ya picha ya meno, mpe wa meno karatasi ya DEXA.

Mzee wa Pwani, maji ya chumvi yanatuliza fizi na sina ugomvi nayo. Supu ya makongoro ni chakula kizuri lakini kalsiamu yake ni ndogo mno.

Msambaa Dawa
Naongezea upande wa dawa, maana wateja wanaikosea sana. Alendronate humezwa asubuhi ukiamka, tumbo tupu, kwa glasi nzima ya maji ya kawaida. Si chai, si maziwa. Kisha ukae wima au utembee kwa nusu saa, usirudi kitandani, usile. Usikitafune wala kukimung'unya hata kama meno yanauma, kinaunguza mdomo na koo. Kalsiamu umeze saa nyingine, zikikutana tumboni dawa hainyonywi. Kabla ya kuanza wapime figo na kiwango cha kalsiamu kwenye damu.

Na kama kuna anayesoma hapa anachomwa denosumab, sindano ya mifupa ya kila miezi 6, asiikatishe kimya kimya kwa sababu ya jino. Ikichelewa, mifupa inashuka haraka na pingili za mgongo zinaweza kuvunjika. Wapange daktari wa meno na aliyeiandika.

Mmeru wa Usa
Naomba kuuliza hapo hapo. Sisi wa Arumeru tumekunywa maji yenye floraidi nyingi tangu utotoni, meno yetu ni ya kahawia. Hiyo ndiyo inayotuharibu fizi na mifupa?

TabibuKinywa
Mkuu, rangi hiyo ni ya jino lenyewe, ilijengeka ukiwa mtoto wakati jino linaumbika. Fizi zako zinategemea usafi kama za mtu yeyote, kwa hiyo usiache kusafishwa ukidhani ugaga ni ile rangi ya tangu utotoni. Ugaga unakwanguka, rangi ya floraidi haikwanguki. Kwenye mifupa floraidi nyingi kwa miaka mingi ina tabia ya ajabu: mfupa unaonekana mzito kwenye picha, lakini ni mkavu na unaweza kuvunjika kirahisi. Ukienda kupima DEXA mwambie daktari umekulia wapi, asije akasoma namba nzuri akakuruhusu uende nyumbani.

Nyota ya Jaha
Mimi natumia ARV zenye tenofovir, na fizi zinatoka damu. Niombe kubadilishiwa?

Msambaa Dawa
Usiache hata siku moja. Ni kweli tenofovir ya aina ya TDF hupunguza uzito wa mifupa, zaidi mwanzoni kisha hali hutulia. Virusi visivyodhibitiwa ni adui mkubwa zaidi wa mwili wako, fizi zikiwemo. Mweleze daktari wa kliniki yako, hasa kama umeshavuka 50 au umewahi kuvunjika. Fizi zipeleke kwa daktari wa meno kama wengine wote.

MwalimuWaDodoma
Asanteni sana, nimepata pa kushika. Nimempigia daktari wa mifupa, amekubali kusubiri gego litoke kwanza. Mawili ya mwisho: chakula nile nini, na mswaki nipige vipi wakati panatoka damu? Nimekuwa naviruka hivyo vipande.

TabibuKinywa
Usiviruke mwalimu, panapotoka damu ndipo penye bakteria. Mswaki laini, uuinamishe kuelekea ufizi, usugue taratibu mara mbili kwa siku. Kati ya meno tumia uzi au vile vibrashi vidogo. Mkaa acha, unakwangua jino. Mswaki wa mti sawa, ukiupitisha na upande wa ndani unaosahaulika, hasa nyuma ya hayo mawili ya chini.

Chakula: umri wako unahitaji kama miligramu 1,200 za kalsiamu kwa siku. Maziwa au mtindi, dagaa wanaoliwa na mifupa yao, sukuma wiki, uji wa wimbi. Mchicha una kalsiamu lakini mwili haunyonyi nyingi kutoka humo. Vidonge vijazie pale chakula kinapopungua tu. Na ukienda kung'oa, waulize watakupa miadi lini ya kuja kuangaliwa kidonda. Wasipokupa tarehe, iombe kabla hujashuka kwenye kiti.