Chupa na chuchu gani zinazompunguzia mtoto gesi tumboni?

Mama wa Kondele, Kisumu

Hamjambo ndugu zangu. Nina binti wa miezi miwili ambaye hadi majuzi alikuwa akinyonya ziwa tu, bila taabu yoyote. Kwa kuwa likizo yangu ya uzazi ya miezi mitatu inakaribia kwisha, nimeanza kukamua maziwa na kumpa kwa chupa mchana, ili azoee kabla sijamwachia mamangu. Tangu hapo, ifikapo jioni tumbo humjaa likawa gumu kama ngoma, naye hukunja miguu na kulia hadi ashushe hewa ndipo atulie.

Madukani mjini nimeonyeshwa chupa zilizopinda shingo, zenye mdomo mpana na zenye kijibomba ndani, na kila muuzaji huapa kuwa yake ndiyo inayozuia gesi. Chuchu nazo zina nambari 1, 2 na 3, na nyingine zina tundu lenye umbo la msalaba. Jirani ananishauri nipanue tundu kwa sindano iliyopashwa moto, naye mama mkwe anataka nimpe mtoto dawa ya chango ya dukani. Je, ninunue chupa gani, na chuchu ya nambari gani?

Muuguzi wa kliniki ya watoto, Kakamega

Pole, mama. Kabla hujanunua chupa nyingine, itazame hiyo uliyo nayo mtoto anaponyonya, kwa sababu sehemu kubwa ya taabu ya chupa ni hewa anayoimeza, na njia inakopitia huonekana kwa macho. Tundu likiwa kubwa kuliko uwezo wake, maziwa humjia kwa nguvu, akagugumia, akakohoa, mengine yakamwagika pembeni mwa mdomo, na kila anapogugumia humeza na hewa. Tundu likiwa dogo mno, huvuta hadi mashavu yakabonyea, huiachia chuchu na kuishika tena na tena, na hewa huingia kwenye pembe za midomo.

Igeuze chupa juu chini: maziwa yadondoke tone baada ya tone, yasitiririke mfululizo. Kwa binti wa umri huo, tena aliyezoea ziwa, anza na chuchu ya mtiririko wa polepole kabisa, na usiibadilishe eti kwa sababu pakiti imetaja miezi fulani. Nambari hizo kila kampuni hujipangia, kwa hiyo nambari 1 ya kampuni moja inaweza kutoa maziwa kwa kasi kuliko nambari 1 ya kampuni nyingine. Tundu la msalaba liache, kwa kuwa mara nyingi hukusudiwa vinywaji vizito zaidi. Na hiyo sindano ya moto, tafadhali, usiithubutu: tundu la nyumbani halina kipimo, huendelea kuchanika, na kipande cha mpira kinaweza kukatikia mdomoni mwa mtoto.

Kisha angalia hewa inayoingia ndani ya chupa yenyewe. Maziwa yanapotoka ni lazima hewa ishike nafasi yake, ndiyo maana chuchu nyingi zina kitundu kidogo karibu na ukingo wake wa chini. Chupa ikipumua vizuri, utaona vipovu vidogo vikipanda katika maziwa mtoto anaponyonya. Usipoviona, na chuchu ikawa inabonyea, huenda umeikaza pete inayoshika chuchu kupita kiasi au kitundu kimezibwa na mabaki ya maziwa. Ilegeze pete kidogo, au uioshe chuchu upya. Kile kijibomba cha ndani hufanya kazi hiyo hiyo, ila hupeleka hewa hadi nyuma ya maziwa isichanganyike nayo. Huwasaidia baadhi ya watoto, lakini hakitafidia tundu lisilomfaa.

Mkalishe karibu wima, chupa ikilala karibu usawa, imeinuka kiasi cha maziwa kuijaza chuchu. Mpumzishe katikati ya kunyonya, umweke begani apige mbweu, na akigeuza uso usimlazimishe kumaliza.

Baba wa mapacha, Nakuru

Nakubaliana na muuguzi, nami niongeze kuhusu usafi na povu. Sisi hutumia chupa zenye kijibomba, na ni kweli wanetu wametulia, lakini kila chupa ina vipande vingi vya kuosha, na kijibomba hakisafishiki bila kiburashi chake chembamba. Kabla ya kununua, muulize mwenye duka kama anauza kiburashi na chuchu za akiba bila chupa, kwa sababu chuchu iliyolainika au kufanya ufa hubadilisha mtiririko na inapaswa kutupwa.

Wanaotumia maziwa ya unga wakumbuke kwamba kuitikisa chupa kwa nguvu hujaza povu, ambalo ni hewa tupu. Maji yaliyochemshwa yatiwe kwanza yakiwa hayajapoa chini ya nyuzi 70, ndipo unga ufuate, kisha chupa izungushwe taratibu na kuachwa povu litulie huku maziwa yakipoa. Maziwa ya mama nayo, mafuta yakijitenga juu, huzungushwa vivyo hivyo.

Mwalimu, Bungoma

Dada, hujalazimika kutumia chupa. Mtoto wangu alilelewa kwa kikombe kidogo nilipokuwa kazini: hukalishwa wima, ukingo wa kikombe ukagusa mdomo wa chini, naye akayalamba maziwa mwenyewe bila kumiminiwa. Kikombe hakina chuchu wala pembe za kufichia uchafu. Sheria ya Kenya ya mwaka 2012 kuhusu vibadala vya maziwa ya mama inakataza kuwatangazia wazazi chupa na chuchu, kwa hiyo viapo vya wauzaji visikuyumbishe. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 nayo inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea. Paulizie kabla hujarudi kazini. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa nje kwa muda usiozidi saa 4 penye nyuzi 25 au chini ya hapo, na mchana wa Kisumu mara nyingi huzidi hapo, basi yawekwe kwenye friji au sanduku lenye barafu.

Mama wa Kondele, Kisumu

Asanteni sana. Nimetazama, na kweli chuchu yangu inatiririsha. Je, ile dawa ya chango nimkatalie mama mkwe?

Muuguzi wa kliniki ya watoto, Kakamega

Mkatalie kwa heshima, mama, na umwambie ni kliniki imesema. Kabla ya miezi sita mtoto hahitaji maji, mitishamba wala dawa ambayo hakuandikiwa na mhudumu wa afya. Kilio cha jioni kwa kawaida hukithiri karibu na wiki ya 6 na kupungua kufikia miezi mitatu au minne, kwa hiyo hata chuchu nzuri haitakimaliza chote. Lakini akitapika rangi ya kijani, akipata damu chooni, joto lake likifika nyuzi 38, akikataa kunyonya, au tumbo likibaki gumu hata baada ya kushusha hewa, mpeleke hospitalini mara moja, hata kama ni usiku.