Elfu moja ya kila ng'ombe mnadani inakwenda wapi?

Fimbo Ndefu: Wadau, nauliza bila ugomvi. Chama chetu cha wafugaji huku Kilwa kinakata elfu moja kwa kila ng'ombe anayeuzwa mnadani, mbali na ushuru wa halmashauri. Wa halmashauri wanakutolea risiti ya mashine. Wa chama anachana karatasi kwenye daftari. Mwaka wa pili huu hatujasomewa mapato na matumizi, na josho tuliloahidiwa mpaka leo ni shimo. Tuendelee kutoa?

Korosho Kavu: Josho hata likikamilika ni shimo, kaka. Hapo hamjadanganywa.

Mama Ufuta: Kabla ya elfu yenu, niambieni nani atanilipa ufuta wangu. Ekari mbili zimelala chini. Mang'ati pesa ya chama mnayo, ya fidia hamna.

Mkaguzi Mstaafu: Kijana ameuliza la maana. Vyama vya ushirika vinakaguliwa na COASCO, shirika la serikali la kukagua ushirika. Hicho kama kimesajiliwa kama jumuiya tu, COASCO hawahusiki, mnabaki na katiba yenu na mkutano mkuu. Tena chama hakitozi ushuru, kinachukua ada na michango ya wanachama wake. Sasa je, asiye mwanachama naye anakatwa pale mnadani?

Fimbo Ndefu: Mama, kwanza mimi si Mang'ati, ni Msukuma. Huku kila mwenye fimbo kwenu ni Mang'ati. Pili, ng'ombe wangu hawajafika Liwale.

Mama Ufuta: Nani kakwambia niko Liwale?

Fimbo Ndefu: Uliandika mwenyewe kwenye mjadala wa mbolea.

Nyundo: Hawa wafugaji waliondolewa Ihefu, kule Mbeya, 2006 wakaletwa kwetu kama mzigo wa treni. Hakuna aliyetuuliza.

Korosho Kavu: Treni ya Lindi hiyo ilipita lini, mzee?

Nyundo: Ni mfano. Na ya Nachingwea ilikuwepo, enzi za karanga za Mwingereza. Soma.

Mwana wa Newala: Mnalia elfu moja! Sisi tulikuwa na mfuko wa korosho. Ushuru wa korosho ghafi zinazokwenda nje, asilimia 35 zinabaki kwetu. 2018 Bunge likafuta, basi.

Korosho Kavu: 65 ndizo zilikuwa za kuendeleza zao la korosho, 35 za Hazina. Usipunguze machungu.

Mwana wa Newala: Sawa, 65. Hoja ni kwamba zilikwenda. Halafu mwaka uleule jeshi likaja kununua kwa 3,300 kilo, mwenye gunia nyingi anaulizwa shamba liko wapi, anaitwa kangomba, yaani mlanguzi wa kununua korosho kwa bakuli.

Nyundo: Na wengine walikuwa kangomba kweli. Tunajuana.

Mwana wa Newala: Unanisema mimi?

Nyundo: Nimetaja jina?

Mwana wa Newala: Mzee, mimi nina mikorosho ya babu yangu. Wewe ulikuwa unapima kwa bakuli nyuma ya duka, kijiji kizima kinajua.

Mkaguzi Mstaafu: Narudia. Asiye mwanachama anakatwa?

Korosho Kavu: Mzee umestaafu, pumzika.

Mama Ufuta: Mimi nasubiri jibu la ufuta. Mwenyekiti wa hicho chama ana pikipiki mpya, nimeiona kwa macho yangu.

Mke wa Mfugaji: Hiyo pikipiki ni ya shemeji yake. Na josho mnalolililia, halmashauri si ndiyo ya kujenga? Mnachanganya mafaili. Kabla hatujachanga, ndama waliisha kwa ndigana, ugonjwa wa kupe, mlikuwa wapi na kalamu zenu?

Fimbo Ndefu: Dada, mimi sijasema wameiba. Nimesema tusomewe.

Mke wa Mfugaji: Kwenye mkutano ulikaa kimya, huku ndiko unasema.

Fimbo Ndefu: Mkutano gani? Nitajie tarehe.

Nyundo: Bakuli lipi, wewe wa Newala? Rudi hapa.

Fimbo Ndefu: Jamani, nimetoka mnadani sasa hivi. Nimeuza madume mawili, nimekatwa elfu mbili. Nimeomba karatasi, nimeambiwa daftari limeisha. Na jirani yangu aliyeuza mtamba, kadi ya chama hana, naye kakatwa.

Korosho Kavu: Madume umepata ngapi?