Mise, mawese, asali, mtindi, limao: kipi cha kupaka na kipi kibaki jikoni?

BintGungu
Habari za jioni wanajukwaa. Mie mtu wa Kigoma, nimekulia Gungu, ila kazi imenileta Tabora na ngozi yangu imegoma kuhama. Kule ziwani najipaka kidogo asubuhi, basi. Huku kipupwe kimeanza juzi tu, na miguu nikiikwaruza kwa kucha mstari mweupe unabaki. Midomo inachanika, magaga yananasa kwenye shuka. Uso ndio kichekesho kabisa: mashavu makavu, kidevu kina chunusi.

Vikopo vya dukani sinunui kwa sasa. Jikoni nina mafuta ya mise (yale ya kokwa za mchikichi) aliyonitumia mama, mawese, asali ya Sikonge, mtindi, limao, manjano na sukari. Nilinganishieni: kipi cha uso, kipi cha mwili, kipi nikiache kwenye chungu. Na mtu akisema "hiki kizuri", atoe na sababu.

MwishoWaReli
Mwakeye dada! Swali limeshajijibu, mama yako kakutumia mise. Watoto wa Ujiji wote tumepakwa hayo tangu siku ya kuzaliwa, nani alimwona mtoto wa Ujiji kapauka?

Ila angalia una mise ipi. Kuna ya kukaanga, ile kokwa inakaangwa mpaka inajikamua yenyewe: nyeusi, na harufu yake ukiingia kwenye daladala watu wanajua umetoka wapi. Na kuna ya kukamuliwa kwa mashine, rangi ya majani ya chai mepesi, haina harufu kali. Kwa kazini chukua ya mashine.

Jambo la pili, usiweke kwenye chupa ya mdomo mwembamba. Mise huanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 25 hivi, na asubuhi za Tabora mwezi wa sita hazifiki hapo. Utaitikisa chupa mpaka uchelewe kazini. Weka kwenye kopo la mdomo mpana, uchote kwa kidole, uyeyushe kiganjani.

BintGungu
Ni ile nyeusi 😂 Mama hana habari na mashine.

FundiMizinga
Habari dada, karibu Unyamwezini. Kaka wa mwisho wa reli amesema vizuri ila ameongelea mafuta peke yake. Wewe uko kwenye mkoa wa nyuki, unahangaika na midomo kuchanika kwa sababu gani?

Kinachokufaa ni nta. Watu wananunua asali, nta hawaiulizi, na wakamuaji wengine bado wanamwaga machicha ya masega. Ukiyapata machicha kwa mfugaji (Sikonge, Urambo, Kaliua, kote yapo), yachemshe na maji kwenye sufuria kuukuu ambayo hutaipikia tena. Chuja kwa kitambaa yakiwa moto, acha usiku kucha. Asubuhi unakuta kipande cha njano kimeelea na kuganda juu kama sahani. Kitoe, kigeuze: upande wa chini una uchafu wa kijivu, ukwangue kwa kisu. Ukitaka isafike zaidi rudia.

Mafuta ya midomo na magaga: nta kijiko 1 iliyokwanguliwa, mafuta vijiko 4. Ukitaka laini zaidi ya mwili, mafuta vijiko 6. Bakuli liwe juu ya sufuria ya maji ya moto, usiweke nta moja kwa moja juu ya mkaa, inashika moto. Nta inayeyuka kwenye nyuzi 62 mpaka 64, kwa hiyo maji hayahitaji hata kutokota. Ikishayeyuka epua, mimina kwenye kopo kavu.

Magaga loweka kwanza kwenye maji ya uvuguvugu, sugua, kausha, paka, vaa soksi ulale. Hiyo ndiyo dawa, mengine mbwembwe.

KapukuWaMjini
Mnazunguka sana. Limao na sukari, sugua uso, chunusi kwisha, madoa kwisha. Bibi zetu walitumia wapi nta?

DadaSaluni_Isevya
Kapuku naomba upumzike kidogo. Mie niko saluni na kila msimu wa ndimu na malimao naletewa nyuso. Juzi kaja binti, kajipaka limao saa nne asubuhi akaenda kuanua mahindi juani. Kesho yake malengelenge, wiki iliyofuata alama nyeusi yenye umbo la vidole vyake vile vile alivyopakia. Alikuwa anatafuta kutoa doa dogo, sasa ana doa la shavu zima na litachukua miezi.

Sukari nayo ni ya miguu na viwiko. Punje zake zina ncha, kwenye chunusi unachana tu na kusambaza.

KapukuWaMjini
Huyo alikuwa na ngozi dhaifu. Mimi sijawahi kupata shida.

MkemiaWaJikoni
Nimekaa kimya nikisoma, sasa nichangie. Nafundisha kemia sekondari, na hii mada naipenda kuliko ile ya kwenye mtaala.

Kapuku, siyo ngozi dhaifu. Maganda na maji ya limao na ndimu yana kemikali zinazoamshwa na mwanga wa jua. Zikiwa juu ya ngozi na jua likapiga, ngozi inaungua. Inaweza kumpata mtu yeyote, inategemea umepaka kiasi gani na jua lilikuwa kali kiasi gani. Ukipaka usiku ukanawa unaweza usione kitu, ndiyo maana wapo wanaoapa kwamba haina shida. Halafu kuna ukali wenyewe. Ngozi ya mtu ina uasidi kidogo, pH yake (kipimo cha uasidi, namba ikishuka uasidi unapanda) iko kwenye 5 hivi. Limao liko kwenye 2. Kila hatua moja ya kipimo hicho ni mara kumi, kwa hiyo kutoka 5 mpaka 2 ni mara elfu. Magadi nayo yamekwenda upande wa pili, kwenye 10, na sabuni ya mche ya kufulia haiko mbali na hapo. BintGungu, kama unaogea sabuni ya kufulia, anza kwa kuacha hiyo kabla hujapaka chochote. Nusu ya ukavu wako inaweza kuwa imetoka bafuni.

Sasa ulinganisho wenyewe. Nadhani watu mnagombana kwa sababu mnashindanisha vitu vyenye kazi tofauti. Mise, mawese, alizeti na nta haviongezi maji kwenye ngozi hata tone. Kazi yake ni kuzuia maji yaliyomo yasitoke. Ndiyo maana ukipaka kwenye mwili uliokauka unang'aa tu na ukavu uko pale pale. Paka ukitoka kuoga, mwili ukiwa bado na unyevu. Asali inavuta maji, lakini kwenye hewa kavu kama ya Tabora sasa hivi haina pa kuyavuta, kwa hiyo ipake kwenye uso uliolowa, ikae dakika 15 hivi, nawa, kisha funga na mafuta kidogo. Mtindi una asidi laktiki, mpole sana ukilinganisha na limao, unaondoa ngozi iliyokufa taratibu. Mara moja kwa wiki inatosha.

Kwa chunusi za kidevuni, mise hapana. Karibu nusu ya mafuta hayo ni asidi ya lauriki, ni ndugu wa mafuta ya nazi kabisa, na kwa watu wenye chunusi yana tabia ya kuziba vinyweleo. Usoni tumia alizeti, matone mawili matatu, mepesi. Mise ipake shingoni kushuka chini.

MwishoWaReli
Mwalimu umeniumiza lakini nakubali. Shingoni kushuka chini hapo tumekubaliana.

BintGungu
Ya sabuni umenibamba mwalimu, sisemi zaidi. Na mawese je? Kuna mtu kwenye kundi la kazini anasema mawese ni kinga ya jua kwa sababu ya ile rangi nyekundu.

MkemiaWaJikoni
Rangi ile ni karotini, ya jamii ile ile iliyoko kwenye karoti, na mawese yasiyochujwa yana vitamini E kwa wingi. Kwenye maharage na migebuka ni chakula safi. Kwenye ngozi yanalainisha kama mafuta mengine, ila kinga ya jua siyo. Kofia na kivuli.

Mama Twins Kibirizi
Na mto wa kulalia utajua wenyewe 🤣 Mawese hayatoki kwenye foronya, muulize dobi. Mimi mawese kwenye ngozi nayaona matumizi mabaya ya mboga.

Ninachotaka kuuliza, nina wachanga wawili, miezi minne. Bibi yao anataka niwapake mise na asali midomoni kwa sababu imekauka. Mise sina neno. Asali?

MkemiaWaJikoni
Mama, asali hapana kabisa kwa mtoto chini ya mwaka mmoja, hata ya kulambishwa kidogo, hata ya kupaka mdomoni kwa sababu ataramba. Inaweza kuwa na vijidudu ambavyo mtu mzima havimfanyi kitu, lakini kwenye utumbo wa mchanga vinatengeneza sumu inayolegeza misuli mpaka ya kupumua. Haijalishi asali ni safi kiasi gani. Mwambie bibi kwa upole.

FundiMizinga
Hilo la watoto nakazia, na mimi ndiye muuza asali. Hata chuo cha nyuki hapa Tabora ukiuliza utaambiwa hivyo hivyo.

Niongeze kuhusu asali ya kupaka: usiichemshe. Watu wanaona imeganda wanasema imechanganywa sukari, wanaiweka jikoni. Kuganda ni kawaida ya asali halisi, nyingine huganda haraka nyingine huchelewa kutegemea maua. Weka chupa kwenye maji ya uvuguvugu, italegea.

MkemiaWaJikoni
Na sababu ya kutoichemsha: ndani kuna kimeng'enya ambacho asali ikikutana na maji kidogo kinatoa hidrojeni peroksaidi, dawa ile ile ya kusafishia vidonda, kwa kiasi kidogo sana. Joto kali linakiua. Ila isiwe sababu ya kumwagia asali ya jikoni kwenye kidonda kibichi. Inayotumika hospitali imeandaliwa maalumu isiwe na vijidudu.

BintGungu
Basi nimepata wazo. Nichanganye vyote vizuri mara moja: asali, mtindi, alizeti, manjano kidogo, nijaze kopo kubwa nitumie mwezi mzima?

DadaSaluni_Isevya
Wiki ya kwanza tu utafungua kopo ufunge mlango na madirisha.

MkemiaWaJikoni
Dada kasema kweli. Chochote chenye maji ndani, yaani mtindi, parachichi, tango, tui, maji ya mchele, kinaoza. Losheni za dukani zina vihifadhi, kopo lako halina. Na asali yenyewe haiozi kwa sababu ina maji chini ya asilimia 20 au hapo hapo. Ukiichanganya na mtindi umeivunja hiyo kinga. Changanya ya siku hiyo, kwenye kikombe, kijiko kimoja kimoja. Ikibaki, tupa. Mafuta na nta bila maji ndiyo yanakaa miezi, alimradi usichovye kidole chenye maji.

Manjano weka pungufu ya unavyodhani. Ni salama kwa wengi ila utatoka na uso wa njano, na taulo lako pia. Ukiweza nunua mzizi mbichi uutwange mwenyewe, maana ya unga wakati mwingine huongezwa rangi, na kuna nchi ambazo rangi hiyo imekutwa na madini ya risasi.

Mgeni_Kaliua
Samahani kuingilia. Embe je? Huku msimu ukianza maembe yanaozea chini, nimeona mtandaoni watu wanapaka.

DadaSaluni_Isevya
Nyama ya embe lililoiva sawa, ingawa sioni faida kubwa. Utomvu wa kwenye kikonyo na ganda ndio adui, unababua. Wachuma maembe wanaujua vizuri, waangalie midomo yao mwezi wa kumi na mbili. Papai bichi nalo maziwa yake yaogope hivyo hivyo.

Shangazi_Cheyo
Mnanichosha na maembe. Nani ana mchanganyiko wa kung'arisha haraka, wa asili lakini? Harusi ni tarehe 20.

DadaSaluni_Isevya
Shangazi, shikamoo. Jikoni hakuna kitu kinachobadilisha rangi ya ngozi kwa wiki mbili. Ukiuziwa kopo lisilo na lebo ukaambiwa ni la asili na linang'arisha kwa siku saba, humo kuna kitu cha dukani kimefichwa: haidrokwinoni, steroidi, au zebaki. Zebaki inaingia mpaka kwenye figo. Vipodozi vya namna hiyo vimepigwa marufuku nchini, na tangu 2019 vinasimamiwa na TBS, shirika la viwango. Njoo saluni nikusugue singo ya unga wa dengu na mtindi, utang'aa ngozi yako mwenyewe.

Shangazi_Cheyo
Marahaba. Nakuja Jumamosi, uniwekee nafasi.

KapukuWaMjini
Haya, limao mmelishinda. Mimi nalirudishia kwenye samaki. Lakini na hiyo asali mtu akipaka akawashwa?

MkemiaWaJikoni
Swali zuri Kapuku. Kabla ya usoni, paka kidogo ndani ya kiwiko, subiri mpaka siku ya pili. Pakiwa pekundu au pakiwasha, acha. Hasa mwenye mzio wa chavua au wa nyuki awe mwangalifu, kwenye asali na kwenye nta pia. Na mwenye pumu ya ngozi au vidonda visivyopona aende zahanati, hapa siyo mahali pake.

BintGungu
Nimeandika hivi ukutani, niambieni kama nimekosea. Kuoga: sabuni ya kufulia basi, maji yasiwe ya moto sana. Mwili: mise ukiwa bado na unyevu, usiku, kwa sababu ya ile harufu. Uso: asali kwenye uso uliolowa, halafu alizeti matone. Mtindi Jumapili. Miguu: sukari na mafuta kusugua, nta na soksi. Mawese na limao: kabatini.

MwishoWaReli
Mise usiku tu! Haya, nitamwambia mama yako.

DadaSaluni_Isevya
Iko sawa. Mtindi uwe usio na sukari, siyo ule wa ladha ya stroberi, maana kuna mtu alinifanyia.

BintGungu
😂😂 FundiMizinga, nta naipata wapi hapa mjini bila kwenda Sikonge? Na nitajuaje siyo mshumaa?

FundiMizinga
Waulize wauza asali sokoni, wengi wanayo nyumbani ila hawaitandiki mezani kwa sababu hakuna anayeiulizia. Uijue hivi: nusa, nta ya nyuki ina harufu ya asali na moshi kidogo. Ifinye kwa muda mkononi, inalainika na kunatanata, mshumaa unavunjika vipande na unateleza. Rangi isikudanganye, kuna ya njano na kuna ya kahawia, zote nta. Nunua kipande ambacho hakijakwanguliwa chini, ni cha bei nafuu, kisu unacho.