Barakoa yangu imerudishwa msumarini IKIWA YA MOTO

Wakuu, naandika nikiwa nje ya bweni, maana nikirudi chumbani saa hizi kesi ya mwenzangu wa chumba itasikilizwa mahakamani Kisutu.

Jina sitaji, mnamjua. Yule wa ghorofa ya pili, kandambili mguu mmoja bluu mwingine kijani, mwaka mzima "bumu langu limechelewa", yaani hela ya mkopo wa chuo.

Tangu vyuo vifunguliwe tarehe 1 Juni 2020 nina barakoa mbili za kitenge, kanishonea mama. Moja nafua, moja navaa. Leo nina testi saa nne, naivuta msumarini, najivalia zangu. Ya moto. Wakuu, YA MOTO! Imelowa pale puani, inanuka supu ya utumbo na chapati. Nimevuta pumzi ya mtu mzima mzima. Corona, mafua, kikohozi cha babu yake, vyote vimepita hapa.

Namuuliza, anajibu huku anachokonoa meno: "Si nimerudisha?"

SI NIMERUDISHA! Kama sufuria!

Na ndiye bingwa wa kujifukiza nyungu. Kila jioni anajifunika blanketi LANGU na majani yake ya mkaratusi, anatoka anatiririka jasho, anatangaza kirusi kimekufa. Ndoo ya kunawia ipo mlangoni, anaipita kama inamdai. Nimesukutua maji ya chumvi mara tatu, ule uvuguvugu bado upo mdomoni.

Kiporo cha Jana: Picha mkuu, tuuone huo utumbo.

Dada Mpole: Pole kaka. Ila ukaenda nayo hivyo hivyo kwenye testi?

Mleta uzi: Ya pili ilikuwa kambani inachuruzika maji, na bila barakoa mlangoni huingii. Saa moja na nusu nzima nimeivaa, dada. Supu.

Mzee wa Desa: Kwa hiyo umefanya testi umeshiba 😂😂

Mbebwa Mstaafu: Darasani wanatupanga mita moja moja, usiku tunabebana wawili kitanda kimoja, mzungu wa nne. Miguu ya mwenzio iko puani mpaka alfajiri, halafu unalilia kitambaa.

Mleta uzi: Miguu haijawahi kuwa na chapati.

Binti wa Kihesa: Nyie afadhali. Bweni letu kuna mtu kabeba sabuni ya kwenye ndoo, kafulia mashuka. Wiki ya pili tunanawa maji matupu. Na mwenyewe yumo humu anasoma.

Mzee wa Desa: Sabuni tu? Kwetu wamebeba ndoo.

Kiporo cha Jana: Mimi birika langu la umeme limechemshiwa nyungu. Chai inanuka mwarobaini mpaka leo.

Dada Mpole: Chemshia maji ya limau mara mbili, harufu inakata.

Kiporo cha Jana: Limau kwa bei hii? Bora ninywe huo mwarobaini.

Mbebwa Mstaafu: Kunywa tu, tumbo litakushukuru.

Mleta uzi: Wakuu, tulikuwa kwenye barakoa. Amesema "si nimerudisha".

Dada Mpole: Kaka, si karudisha kweli?

Binti wa Kihesa: Mzee wa Desa, hiyo ndoo yenu ilibebwa na koki yake? Ya kwetu koki imeng'olewa.

Mzee wa Desa: Koki ninayo mimi. Njoo na sabuni.