Mjadala: Tukisema "watu wa kule wote wako hivyo", nani anafaidika?

Mtoa mada, Kampala: Ndugu zangu, uchaguzi ukikaribia au wizi wa fedha za umma ukifichuka, maneno ni yale yale. Watu wa magharibi mwa Uganda wanakula nchi. Watu wa kaskazini ni wauaji. Waganda, watu wa Buganda, wanafiki. Mimi nasema kauli hizi zinamsaidia mtawala, hata zinapotolewa kwa nia ya kumshambulia.

Tazameni 1972. Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 wawe wameondoka, mioyo ya watu ilikuwa imeshaandaliwa. Kwa miaka mingi tuliambiwa Mhindi ni mnyonyaji, na hapo hakutofautishwa mwenye kiwanda cha sukari na karani wa mshahara. Watu wakashangilia. Nani angeuliza maduka yale yanakwenda kwa nani? Mengi yaliangukia mikononi mwa wanajeshi na jamaa zao, kisha sukari na sabuni zikaadimika kwa sisi tulioshangilia.

Mkoloni naye aliwaita watu wa kaskazini askari wa kuzaliwa, akajaza jeshi kwao, huku akiwatumia Waganda kama yule kiongozi wa vita Semei Kakungulu kutawala mashariki. Tulipopata uhuru 1962 tuliurithi mgawanyo huo na hofu zake. Ndiyo maana ukatili wa jeshi la Rais Obote kule Luwero, kaskazini mwa Kampala, katika vita vya miaka ya 1980, ulibandikwa kwa kila Mwacholi na kila Mlangi, watu wa kaskazini, hata mama wa Gulu kwa Waacholi ambaye Luwero haijui.

Mchangiaji, Masaka: Ndugu, unatufunga midomo. Vyeo vikubwa jeshini vimeelemea upande mmoja, magharibi, kila mtu anaona. Nisiseme?

Mtoa mada: Sema, tena kwa sauti. Lakini taja mtu, cheo na zabuni aliyopewa. Ukisema "watu wa magharibi", mkubwa yule anarudi kwao na kuwaambia: mnasikia, wanatuchukia sote, nikianguka mmekwisha. Mkulima wa Isingiro, huko huko magharibi, ambaye hajaonja hata shilingi ya serikali atampigia kura kwa hofu. Umempa kinga ya bure.

Mchangiaji, Jinja: Sheria ipo. Tangu 1988 kueneza ubaguzi wa kikabila au wa kidini ni kosa la jinai. Itumike tu.

Mtoa mada: Aitumie nani? Mwaka 2010 Mahakama ya Katiba ilifuta kosa la uchochezi dhidi ya serikali, hili la ubaguzi ikaliacha. Anayeamua nani ashtakiwe ni serikali ile ile inayolaumiwa kwa upendeleo. Siiamini dawa hiyo.

Mchangiaji, Bombo: Kaka, nakuunga mkono, ila si kote. Sisi Wanubi, wazao wa askari waliotoka Sudan zama za ukoloni, tulibebeshwa makosa ya Amin. Alipoanguka 1979, watu wetu walikimbilia Sudan na Zaire, na wenye hasira hawakutenganisha askari na bibi msuka mikeka. Hata Kiswahili chetu kikaitwa lugha ya wanajeshi na majambazi. Sasa nikidai haki, siwezi kudai kwa jina langu peke yangu, maana sikuumizwa kwa jina langu. Nitasema "Wanubi walionewa". Kuwataja walioumizwa kwa pamoja na kuwahukumu watu kwa pamoja, mimi naona ni mambo mawili, na hoja yako imeyachanganya. Nijibu hapo.